Kadibodi Haikuwa na Tundu

Mimi nina subira na injini. Na watu sina. Mjomba wangu alikuwa nayo kwa wote, ndiyo maana wateja walimtafuta yeye kwanza, na wakimkosa ndipo wanakuja kwangu na sura ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Sikuona wivu. Kazi ya nozeli, vile vipuri vinavyopulizia mafuta ndani ya injini ya dizeli, amenifundisha yeye, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Gerejini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Vidole, na mimi waliniita Poda.

Jina la Vidole lilikuwa na sababu. Injini za zamani zikivuja mafuta kwenye nozeli, mjomba alikuwa hahangaiki na tochi. Alipitisha mkono juu ya mabomba huku injini inanguruma, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa, kisha anasema ni ya nne, fungua. Ukifungua unakuta ni ya nne kweli. Madereva walileta wenzao waje kumtazama tu. Alijua wanamtazama, na usidhani alichukia.

Kisha zikaja injini za reli. Humo pampu inasukuma mafuta kwenye bomba moja nene, hilo ndilo tunaloliita reli, na kutoka hapo kila nozeli inapata chake kwa bomba jembamba la chuma. Presha iliyomo si ya mchezo. Ikipata mwanya mdogo kuliko tundu la sindano, mafuta yanatoka kama ukungu ambao macho hayauoni, na ukungu huo unapita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Mjomba ndiye aliyetunga sheria ya gereji: injini ya reli ikiwaka, hakuna mkono. Unachukua kipande cha kadibodi, unakibana kwenye kijiti, unakipitisha karibu na mabomba. Kikitobolewa, umeshapajua pa kufungua. Alitunga sheria hiyo kwa sababu zamani alifanya kazi na fundi mmoja aliyechomwa kidoleni hivyohivyo, akacheka, akaenda zake nyumbani kulala, na siku aliyorudi kuwaaga wenzake mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Sote tuliitii sheria ile. Yeye mwenyewe aliishika kadibodi kama mwanamume aliyeachiwa mkoba wa mke wake sokoni, lakini aliishika.

Siku ninayoisimulia, lori liliingia mchana likiwa limebeba saruji. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, macho mekundu. Aliniambia ndani ya kabini kunanuka dizeli mpaka koo linamwasha, na asubuhi lori linagoma kuwaka. Alikwishapita kwa fundi mwingine, akabadilishiwa vimpira vya juu ya nozeli, akaambiwa nenda salama. Harufu ikaenda naye. Huku akiongea alikuwa akiangalia juu, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na turubai lake lilikuwa na viraka vingi kuliko turubai lenyewe. Kisha akauliza swali ambalo nilishalizoea, kwamba mzee yupo?

Mzee alikuwepo. Alitoka kwenye chumba chetu cha kioo, kile tunachofungulia nozeli ili vumbi lisiingie, akijifuta mikono kwa kitambaa. Dereva aliniacha nikiwa katikati ya sentensi, akamfuata.

Mafundi wengi wakiona nozeli imelowa wanabadilisha nozeli. Huo ni uvivu wa kichwa, na mteja ndiye anayeulipia. Chini ya nozeli kuna washa ya shaba, kipete chembamba cha kuziba. Ikichoka, kinachotoka ni moshi wa ndani ya silinda, utausikia unapumua kwa kishindo, na unaacha utomvu mweusi mgumu kama lami. Juu yake kuna vimpira vya kurudisha mafuta yaliyobaki. Vikipasuka vinadondosha kidogo kidogo. Ubavuni ndiko linakoingia lile bomba la chuma, na huko ndiko kwenye hatari. Tena mafuta hayana adabu. Yanatoka hapa, yanatambaa, yanakwenda kutulia pale, na ukiyafuata kwa macho utamkamata asiye na kosa.

Kwa hiyo mimi huwa naiosha injini yote, naipuliza kwa kompresa mpaka inakauka kabisa, halafu naipaka poda. Poda ileile ya watoto, yenye harufu nzuri. Madereva walinicheka sana mwanzoni, wakaniuliza kama injini nayo nitaivalisha nepi. Lakini poda haina upendeleo. Ukiiwasha injini, pale panapovuja poda inalowa na kuwa nyeusi, na pale pasipovuja inabaki nyeupe, hakuna cha kubishana.

Nikaosha, nikapuliza, nikapaka. Dereva akawasha. Mimi na mjomba tukainama kila mmoja upande wake tukitazama. Chini ya nozeli zote poda ilibaki nyeupe, wala sikusikia kishindo chochote, kwa hiyo washa zilikuwa nzima. Vimpira vilikuwa vikavu; yule fundi mwingine angalau hapo alifanya kazi yake. Nilianza kukereka. Harufu ilikuwepo, kali, na sikuona hata tone. Ndipo nikapitisha macho kwenye kifuniko cha plastiki nilichokuwa nimekiegemeza kando, nikaona upande wake mmoja umetota kama dirisha la jikoni maji yakichemka. Ulikuwa ukungu. Bomba mojawapo la chuma lilikuwa linapuliza.

Nikasogea nyuma, nikamwambia mjomba asiguse kitu, nakwenda kukata kadibodi.

"Unaniambia mimi?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba namwambia yeyote mwenye ngozi. Alicheka kidogo. Nikaenda stoo, nikatafuta boksi lisilolowa mafuta, nikakata kipande, nikapasua ncha ya kijiti na kukibana. Haikuchukua muda, lakini niliporudi injini ilikuwa imekwisha kuzimwa. Mjomba alikuwa amesimama mbali nayo, ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili.

"Namba mbili," alisema. "Nati ya bomba, upande wa nozeli."

Dereva alikuwa akimtazama kwa macho yale ya zamani, ya watu waliokuja kushuhudia. Mimi nikaitupa kadibodi mezani nikidhani ameona kitu nilichokuwa sijakiona. Tukaiacha presha ishuke, nikafungua namba mbili. Kichwa cha bomba, pale linapokaa kwenye nozeli, kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilitoa bomba jipya kwenye kabati, nikaliweka, nikalikaza kwa spana ya kupimia, na mjomba alikuwa akinipa vifaa nilivyoomba. Alinipa kwa mkono wa kushoto. Niliona, nikapita.

Injini ikawashwa tena. Poda mpya, nyeupe pote. Nikaichukua ile kadibodi mezani, nikaipitisha juu ya bomba baada ya bomba, na haikuguswa na chochote. Dereva aliingia kabini, akavuta pumzi kama mtu anayenusa pilau, akatoka anacheka. Alimfuata mjomba aliyekuwa anatoka bombani kunawa, akamnyooshea mkono kumshukuru. Mjomba hakumpa kiganja. Alimpa kifundo cha mkono.

Ndivyo mafundi tunavyosalimiana mikono ikiwa michafu, unampa mwenzako kifundo asichafuke. Lakini mjomba alikuwa ametoka kunawa. Mikono ilikuwa inanukia sabuni mpaka niliposimama mimi.

Nikaitazama kadibodi niliyokuwa nayo mkononi. Nikaigeuza. Haikuwa na tundu hata moja, wala isingekuwa nalo, kwa sababu wakati bomba linavuja kadibodi ilikuwa stoo nami. Na tochi ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Sasa namba mbili ameijuaje?

Nilimwambia dereva asiondoke, nikamshika mjomba kwa kiwiko kama ninavyowashika wateja wakorofi, nikamwingiza kwenye chumba cha kioo na kufunga mlango. Nilimtaka anionyeshe mkono wa kulia. Akasema mkono una nini. Nikasema ndicho ninachouliza. Akasema nisimtie aibu mbele ya mteja, na nikamwambia mteja yuko nje na mlango umefungwa, na kama hataki kunionyesha nitaita watu wamshike, nami najua watanitii. Tulitazamana. Mama yangu huwa anasema mimi na kaka yake tumerithi kichwa kimoja tukagawana.

Mwishowe akautoa mfukoni.

Kwenye kidole cha shahada, karibu na ncha, kulikuwa na kitone. Hicho tu. Hakuna damu, hakuna uvimbe, kitone kidogo chekundu kama umechomwa na mwiba. Mtu asiyejua angekipuliza na kuendelea na shughuli zake. Mjomba alijua, na alikuwa akikiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeahidi kwamba hakai.

"Kimenigusa tu," alisema. "Hakiumi."

"Yule fundi mwenzako naye kilimuuma?"

Hapo akaanza kusema kwamba labda ni waya wa brashi, kwamba alikuwa amekisogeza tu kidole, hakukiweka, kwamba akifika nyumbani atakiloweka kwenye maji ya moto na chumvi. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilichukua kitambaa safi, nikamfuta kidole chote, nikakikausha, nikachukua kopo langu la poda, nikakipaka kama ninavyopaka nozeli. Kikawa cheupe kuanzia ncha hadi kwenye kiganja. Nikaushika mkono wake juu ya meza, bila kubonyeza popote, nikamwambia tungoje.

Sijawahi kungoja kitu vile. Nje dereva alikuwa anatembea huku na huku. Mabati ya banda yalianza kulia kwa upepo. Vidole vya mjomba vilikuwa vimetulia ndani ya mkono wangu, vizito, ngozi yake ngumu kama mkanda, na nilikuwa nikiomba kimoyomoyo poda ibaki nyeupe. Nilikuwa tayari kuonekana mjinga. Nilikuwa tayari anicheke mpaka nizeeke.

Poda ililowa. Kwenye kile kitone kulitokea doa, kisha doa likapanuka, la kijivu, lenye mng'ao. Nikainamisha uso nikanusa. Ilikuwa dizeli.

"Mjomba," nilisema, "ulinifundisha swali moja. Mafuta yametoka kwenye bomba na hayako sakafuni. Yako wapi?"

Alikaa kwenye kiti, polepole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mjomba wangu anaogopa.

Gari letu la gereji lilikuwa limefunguliwa gia. Nikatoka mbio kwa dereva wa saruji, nikamweleza kwa maneno machache kwamba mzee ameingiwa na dizeli mkononi, kwamba mkono ukichelewa unakatwa, na kwamba lori linalotembea hapa ni lake peke yake. Dereva aliyatazama mawingu. Akalitazama turubai. Hospitali ilikuwa upande wa pili kabisa wa njia yake. Akamwangalia mjomba aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kioo, mkono mweupe wa poda ameushika kifuani.

"Panda, mzee," alisema.

Tulikaa watatu mbele, mjomba katikati. Nililifunga lile bomba bovu kwenye kitambaa nikalipakata. Barabara ilikuwa imejaa, na mimi kila tuliposimama nilikuwa nanusa. Nilikaza nati ile mwenyewe, nilipima mwenyewe, lakini sasa nilijiuliza kama nimekaza vya kutosha, na kila harufu ya gari la mbele ilinifanya nidhani ni ya kwetu. Dereva alielewa. Aliniambia nitulie, lori halijawahi kuvuta hivi tangu analiendesha. Mvua ikaanza kwa matone makubwa kwenye kioo. Nilimsubiri asimame kurekebisha turubai. Hakusimama.

Mjomba alikuwa ameanza kuumwa. Hakusema, lakini alikuwa anapumua kwa pua na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilipowasha taa ya simu nikione kidole, kilikuwa kimevimba na kukaza, ngozi imekuwa nyeupe isiyo ya poda, na sehemu ya kiganja chini yake nayo imeanza kujaa.

Nikampigia mkaza mjomba, mke wake. Ni mwanamke asiyepandisha sauti hata akiibiwa. Nilimweleza yote, nikangoja alie, na akauliza tu ni kidole kipi. Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Mjomba kwa muda mrefu alikuwa hasikii vizuri kwenye vidole. Alikuwa anaangusha vikombe. Juzi alishika sufuria iliyotoka jikoni, akasimama nayo akiongea habari za mpira, mpaka yeye akamnyang'anya na kuona kiganja kimetoka malengelenge. Mjomba alimkataza kabisa asiniambie. Alisema Poda akijua, ataninyima mabomba.

Niliyakumbuka malengelenge. Nilimwona nayo, nikamtania kwamba siku hizi anapikishwa. Yeye akacheka nami.

Sikumuuliza kitu mle kwenye lori. Dereva alikuwepo, na hasira ilikuwa imenijaa. Nilikuwa na hasira naye kwa kuficha, na kwa kucheka, na kwa kile kitambaa alichokishika kwa mikono miwili wakati mimi narudi na kadibodi yangu kama mjinga. Nilikuwa natamani kumpiga, na nilikuwa nimemshika bega ili lori likiyumba asiegemee mkono.

Hospitalini, nesi wa mapokezi alikitazama kidole, akatutazama sisi, watu watatu tuliolowa, tunanuka gereji, akasema tukae kwenye benchi tungoje zamu. Nikaliweka bomba juu ya meza yake. Nikamwambia mafuta ya dizeli yameingia ndani ya mkono kwa presha kutoka kwenye hilo, na mimi sikai. Nadhani ni sura yangu iliyomwinua. Alirudi na daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kijani, anayekula muhogo wa kukaanga. Alipoona kitone aliuacha muhogo.

Huyo nilimpenda kwa sababu hakunibembeleza, na nadhani naye alinipenda kwa hilohilo. Aliuliza mafuta gani, presha kiasi gani, yameingia lini, mzee amekula nini. Niliyajibu yote. Kila alipokandamiza sehemu ya kiganja kwa ncha ya kidole chake alimtazama mjomba usoni, siyo mkononi. Kisha akasema, akimwambia yeye na wala si mimi, kwamba dizeli hiyo inatembea ndani kufuata mishipa na inaua nyama popote inapopita, kwamba atafungua kuanzia kidole hadi inakoishia, aisafishe, na kwamba kidole hawezi kumwahidi.

"Naupigania mkono," alisema. "Umenielewa, baba?"

Mjomba alisema ameelewa.

Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Walipokuwa wanamtayarisha nilipata nafasi ya kusimama naye, nikamwinamia na kumuuliza lile nililolibeba njia nzima. Kama vidole vimekufa, kwa nini alivipeleka kule? Alijua sheria. Ni yake.

Macho yake yalikuwa kwenye dari.

"Nilitaka kujua kama bado vipo," alisema. "Ulipokwenda stoo nikasema nijaribu mara moja tu. Nikapitisha juu ya namba moja, kimya. Nikafika namba mbili, nikasikia. Kidogo, kama nzi ametua. Nikafurahi, mwanangu. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Ndipo nikatazama nikaona kitone, na sikutaka ile furaha iishe."

Wakamsukuma. Milango ikafunga. Hasira yote niliyokuwa nayo ilikosa pa kukaa, na nililia pale kwenye korido, mbele za watu, kwa sauti, kitu ambacho sijakifanya tangu nivae ovaroli.

Mkaza mjomba alifika na khanga kavu, akanifunika mabegani kama mimi ndiye mgonjwa. Tukakaa. Dereva hakuwa ameondoka. Nilimwona kwenye dirisha akiwa juu ya mzigo wake, anavuta turubai kwenye mvua iliyokwisha kuharibu mifuko ya juu. Alipoingia alikuwa amekuwa wa kijivu kichwani kwa saruji. Niliomba msamaha, akaniuliza msamaha wa nini, akakaa upande wa pili wa benchi na kufumba macho. Kila mlango ulipolia tuliinuka wote watatu, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine wa watu wengine.

Daktari alipotoka alikuwa amevua kofia. Alisema mkono umepona. Aliusafisha mpaka kwenye kifundo, ndani kulikuwa kunanuka kama kituo cha mafuta, na lau tungemwacha mpaka asubuhi wangekuwa wanazungumza habari za kiwiko. Kidole cha shahada amekiondoa. Kilikuwa kimekwisha kufa. Mkaza mjomba alimshukuru kwa sauti yake ileile, kisha akaniuliza kama ninafahamu ndicho kidole alichokuwa akiwatekenyea watoto wao.

Nilikaa siku kadhaa bila kumwona, gereji haina mtu mwingine wa kufungua nozeli. Wateja walikuja wakauliza mzee yupo, nikawaambia hayupo, na kwa mara ya kwanza hawakununa. Kadibodi ile niliipigilia msumari ukutani juu ya meza ya vifaa, nzima, bila tundu. Kila aliyeuliza ni ya nini nilimwambia aniulize akiwa na nafasi.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji nene iliyoacha ncha za vidole nje, na pale katikati ya gumba na cha kati bandeji ilipita moja kwa moja. Mkaza mjomba alikuwa akimmenyea chungwa. Mjomba aliniuliza habari za kazi, nikamweleza. Akanisahihisha jambo moja, nikambishia. Akasema nimepungua, nikasema yeye ndiye aliyepungua, kisha nikataka kujiuma ulimi. Alicheka mpaka chungwa likampalia.

Alipotulia akaunyoosha ule mkono juu ya shuka.

"Nipime," alisema.

Nilijua anachotaka. Nikamwambia ageuze uso ukutani na asinichungulie, akageuza. Tukakubaliana kuhesabu kama tunavyohesabu silinda, gumba ndiyo ya kwanza. Nikaligusa gumba kwa ncha ya ukucha. Kimya. Nikaligusa tena, kwa nguvu kidogo.

"Namba moja," alisema, kama mtu asiye na hakika.

Nikaruka kwenda cha kati.

"Namba tatu."

Hakusita. Nikagusa cha pete, akasema namba nne papo hapo, na mkaza mjomba akaliweka chungwa chini. Nilihisi uso wangu unacheka wenyewe. Niliinua mkono niende kwenye kidole cha mwisho, na kabla sijakigusa mjomba akasema kwa furaha:

"Namba mbili. Hapo hapo. Hiyo naisikia kuliko zote."

Mkono wangu ulikuwa hewani, na pale ilipokuwa namba mbili palikuwa na bandeji tu. Nilimtazama mkaza mjomba, naye akanitazama, na nikaona ananiomba niseme ndiyo. Ingekuwa rahisi. Lakini sijawahi kumpa mjomba jibu la uongo kuhusu kinachovuja na kisichovuja, na sikuweza kuanzia pale.

"Hiyo tumeshaifunga, mjomba," nilisema.

Hakugeuka. Aliendelea kuutazama ukuta.

"Basi pima ya tano," alisema.